Samaki Aliyeyakataa Maji ya Wifi

Wifi yangu ana mambo mawili asiyoyafanyia mzaha, dini yake na maji yake, na ukimkorofisha kwenye dini bado una nafasi ya kusamehewa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtia dawa kwenye mtambo wa maji wa mji. Kazini walimwita Mama Dawa, hata mkurugenzi, na jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Mimi ni mdogo wa mume wake. Nilipoachika nilikuja kwao nikae wiki mbili nijipange, na wiki mbili zile sasa zina miaka tisa. Nauza vitambaa vya mapazia, narudi saa tisa alasiri, na kuanzia hapo mpaka chakula cha jioni sina kazi ila kuangalia ndoa ya watu. Kwa hiyo haya nayasema kama shahidi, na chumvi nitatia ya kiasi.

Kazi ya wifi, kwa asiyeijua, ni hii. Maji yakishachujwa yanatiwa klorini kabla ya kuingia kwenye mabomba. Dawa ikipungua, mji mzima unashika tumbo. Ikizidi, mji mzima unashika simu kulalamika. Kila saa alikuwa anachota maji kwenye kichupa, anatumbukiza kidonge, anatikisa, na maji yanageuka rangi ya waridi. Waridi likififia anaongeza dawa, likikolea anapunguza. Hakuna aliyewahi kumshukuru, maana watu hawana kawaida ya kumshukuru mtu kwa kuwa hawakuharisha.

Nyumbani alikuwa na kichupa cha pili, dirishani jikoni. Kila asubuhi, kabla ya birika kuona moto, alipima maji ya bomba letu. Yakigeuka waridi anasema, "Yamefika," kama mtu aliyempokea mtoto stendi. Mgeni akiingia alipewa glasi ya maji hata kabla hajamaliza salamu, na wifi alimkodolea macho kooni mpaka ameze. Kuna shangazi mmoja aliwahi kuja na chupa yake ya maji ya dukani. Hakualikwa tena, na mwanawe alipooa, sisi tulipeleka zawadi kwa mkono wa mtu mwingine.

Kaka yangu ni fundi saa. Meza yake iko sebuleni, chini ya ukuta wenye saa kumi na tatu zinazobishana. Ametulia kama maji ya mtungi. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akimgusa kuhakikisha yuko hai. Wifi anamwita Baba Pacha, kwa sababu walizaa mabinti mapacha, ambao wameshaolewa na kutuachia kelele ya saa.

Basi ikafika siku ya wifi kustaafu, Jumanne. Pale mtamboni mstaafu huwa anapewa saa ya ukutani. Lakini kumpa saa mke wa fundi saa ni kumtukana mara mbili, kwa hiyo wakatafuta kingine. Wazo likatoka kwa mkemia wao, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye digrii na adabu, vitu ambavyo wifi alikuwa anasema havikai kichwa kimoja. Wakamnunulia samaki. Wakampa na tangi la kioo la lita kumi na tano, mfuko wa changarawe, mmea wa plastiki, kopo la chakula, na karatasi ya maelekezo ambayo mkemia aliichapa mwenyewe.

Samaki mwenyewe anaitwa beta, yule wanayemwita pia samaki mpiganaji. Mrefu kama kidole changu cha kati, bluu iliyokoza, mapezi yanaburuta kama gauni la bi harusi. Alikuja ndani ya chupa ya asali iliyooshwa. Mkurugenzi akasimama akasema, "Mama Dawa, umetunza watu laki mbili, sasa tunza huyu mmoja. Jumamosi tutakuja kunywa chai kwako, tumwone anavyoneemeka ndani ya maji yako." Watu wakapiga makofi.

Mkemia akamvuta pembeni. "Mama, maji ya bomba uyalaze kwanza. Siku nzima, kwenye ndoo iliyo wazi, dawa iruke. Klorini inamchoma samaki matamvua, anashindwa kupumua."

Wifi akacheka kile kicheko chake cha meno matupu. Alikuja kukicheua nyumbani.

"Niyalaze! Kwani yamechoka?" aliniambia, akitua tangi mezani kwa kaka. "Hospitali nzima inakunywa maji yangu. Watoto wachanga wanaogeshwa nayo. Leo samaki wa bei ya jozi moja ya soksi ndiye ayaone makali?"

"Wifi, lakini mkemia kasomea," nikasema.

"Kasomea kwenye karatasi. Mimi nimesomea kwenye bomba."

Kulipanga lile tangi, nakiri, walilipanga vizuri. Kaka alisogeza saa zake upande mmoja, akaweka pimamaji juu ya meza, akakunja kadibodi akaiingiza chini ya mguu mfupi mpaka meza ikakaa sawa. Mbali na dirisha, alisema, jua lisimpike. Wifi aliosha changarawe maji saba. Kaka akaniomba soksi ndefu ya nailoni. Akaipitisha juu ya majani ya ule mmea wa plastiki, na kila ilipokwama alikata ncha kwa koleo ndogo za kukatia vyuma vya saa, lenzi yake ikiwa jichoni, maana kinachochana soksi kinachana na mapezi. Soksi ilikuwa mpya na sikurudishiwa. Kisha akakata kipande cha wavu cha kufunikia juu, kwa sababu karatasi ilisema samaki huyu anaruka, na ikasema maji yasijae mpaka ukingoni, maana anapanda juu kuvuta hewa kama sisi.

Yote hayo wifi aliyafuata neno kwa neno. Sentensi moja tu aliiruka. Alichukua jagi akajaza tangi moja kwa moja kutoka bombani, jagi baada ya jagi, mgongo umenyooka. Akapima. Kichupa kikawaka waridi zuri.

"Ya kunywa kabisa," akasema, akammimina samaki.

Samaki akatulia kama sekunde tano. Halafu akachomoka. Akapiga kioo cha kulia, akapiga cha kushoto, akapanda, akashuka, akajisugua kwenye changarawe.

"Anafurahi," wifi akasema.

"Wifi, huyo hafurahi. Huyo anatafuta mlango."

"Anazoea. Amekulia kwenye maji machafu, masikini, hajawahi kuona usafi."

Kwa saa ya kaka inayoaminika, ilikuwa saa kumi kasorobo. Saa kumi na robo samaki hakuwa anapiga kioo tena. Alikuwa amening'inia juu karibu na uso wa maji, mdomo nje, anameza hewa kama mtu aliyepandishwa ghorofa kumi kwa ngazi. Ile bluu ilikuwa inamtoka. Alikuwa ameanza kuwa rangi ya maji ya kufulia, na kila mara mwili ulikuwa unalala ubavu, anajirudisha, unalala tena.

"Mpigie mkemia," nikamwambia.

"Nimpigie nimwambie nini?"

Aliuliza taratibu, bila ukali, na hapo ndipo nilipomwelewa. Jumamosi walikuwa wanakuja. Samaki akifa kabla, habari itakaa pale mtamboni muda mrefu kuliko kiti chake: Mama Dawa aliyemuua samaki kwa maji ya kunywa. Na hata wasingecheka, yeye mwenyewe angebaki na swali, mtu mzima wa miaka sitini, alikuwa anatunywesha nini muda wote ule. Nilitaka kumtania, ulimi ukakataa. Ni mara chache unanikatalia.

Aliketi kwenye kiti cha wateja wa kaka, mikono mapajani, anamwangalia samaki anakufa, na hakutaka kunyanyua simu.

Kaka ndiye aliyenyanyuka. Aliiweka lenzi chini, akaenda stoo ya nyuma, tukasikia maboksi yanasogezwa. Alirudi na dumu la manjano la lita tano na bakuli la plastiki. Akamimina maji kwenye bakuli, akachukua kikombe, akamchota samaki polepole, akamhamisha. Kisha akavuta stuli akakaa akitazama bakuli, na sisi tukatazama bakuli.

Dakika kumi hazikuwa na mabadiliko. Dakika ya ishirini samaki alinyooka. Ilipofika saa kumi na moja alizunguka bakuli zima mara moja, polepole, kama mgonjwa anayetembezwa wodini, na bluu ikaanza kurudi mgongoni.

"Hayo maji umeyatoa wapi?" wifi akauliza.

"Bombani," kaka akasema.

"Bomba lipi?"

"La hapa hapa. Ya jana."

"Ya jana yalikuwa yanafanya nini stoo?"

Kaka akanitazama mimi. Nikajifanya hamnazo, nikaanza kusoma karatasi ya maelekezo upande ambao haukuandikwa kitu. Lakini wifi hakungoja. Alikwenda stoo mwenyewe, na mimi nyuma yake, na nyuma ya maboksi ya saa mbovu akakuta mengine matatu. Kila moja lilikuwa na karatasi imebandikwa, kwa mwandiko wa kaka, siku na saa yalipojazwa. Kifuniko cha kila moja kimelegezwa. Wifi akachota kwenye la kwanza, akatumbukiza kidonge, akatikisa. Maji yakabaki meupe. La pili, meupe. La tatu lilikuwa na waridi la mbali sana, lilikuwa la asubuhi ile.

"Tangu lini?" akamuuliza kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Tangu mwaka uliopata kazi."

"Na wewe?" akanigeukia.

Nikasema kweli, kwa kuwa nilikuwa nimebanwa baina ya dumu na ukuta. "Tangu wiki ya pili niliyofika, wifi. Yananuka kidogo. Kidogo tu."

"Na mapacha?"

"Mapacha ndio waliokuwa wanabandika karatasi," kaka akasema.

Nilitegemea mvua ya mawe. Badala yake wifi alirudisha kifuniko kwenye dumu, akakikaza, akakumbuka, akakilegeza. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka giza lilipoingia. Alipopita sebuleni kwenda kulala alisimama mbele ya kaka.

"Samaki hana mdomo wa kuniambia," alisema. "Wewe unao."

Siku tatu zilizofuata sitaki kuzirudia. Wifi aliongea na kaka kwa kupitia kwangu, kaka akiwa amekaa palepale. "Mwambie kaka yako chakula kiko mezani." Namgeukia kaka: "Chakula kiko mezani." Kaka: "Nimesikia." Namgeukia wifi: "Amesikia." Kazi ya ukalimani haina malipo, na kosa likitokea unabebeshwa wewe.

Ila madumu aliyachukua. Aliyatoa yote uani, akayasugua kwa mchanga na sabuni, akayasuuza kwa hasira. "Utelezi huu!" alisema, akinisogezea kidole chenye utelezi karibu na pua. "Mimi nasafisha maji yapite kilomita kumi na moja za bomba, nyinyi mnakuja kuyatia kwenye utelezi. Mna bahati hamkufa." Akamwaga maji ya tangi, akajaza ndoo akaiacha wazi, na kesho yake akaanza kupima. Mtu aliyetafuta waridi maisha yake yote sasa alikuwa analifukuza waridi. Alitikisa kichupa asubuhi, akatikisa mchana, akiona hata kivuli cha rangi anasonya. Maji yalipokuwa meupe kabisa aliyajaza tangini, akaliweka bakuli lielee ndani yake nusu saa ili joto lilingane, akamwachia samaki mwenyewe atoke. Samaki akatoka, akakagua kila pembe, akajilaza juu ya jani lililokatwa ncha. Alikuwa bluu kama siku ya kwanza.

Ijumaa alasiri nilipotoka kazini nilimkuta wifi ameinamia tangi, ameshika jagi, uso umemshuka. Juu ya maji, kwenye pembe, kulikuwa na povu. Kwa mtu wa mtambo, povu ni sabuni au ni uchafu, na vyote viwili ni kosa la mtu. Alikuwa tayari kuyamwaga yote upya.

"Baba Pacha," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu Jumanne. "Povu hili limetoka wapi?"

Kaka akavaa lenzi, akainama, akatazama muda mrefu kama anavyotazama saa ya mtu masikini. "Ni lake," akasema. "Anajenga kiota. Karatasi imesema dume akiridhika na maji anatengeneza mapovu."

"Akiridhika na maji," wifi akarudia. Akaweka jagi chini akaenda jikoni, na sahani zikaanza kuoshwa ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi wakaja, watu tisa, na mkurugenzi na kitambi chake. Chai ilinyweka, maandazi yakatoweka, saa kumi na tatu zikagonga saa kumi kwa nyakati kumi na tatu. Wakajazana mbele ya tangi. Samaki, aliyejua kabisa kwamba anaangaliwa, akatandaza mapezi yote akapita mbele yao kwa madaha. Kiota cha povu kilikuwa kipana kama kisosi.

Mkurugenzi akagonga kikombe kwa kijiko. Alisema amefurahi. Alisema watu wanakuja ofisini kila wiki kulalamika kuhusu maji, na kwamba kuanzia Jumatatu atawaambia waende kwa Mama Dawa wakaone kiumbe hai kinavyostawi ndani ya maji yaleyale. "Huyu samaki," akasema, "ndiye cheti chako." Makofi yakapigwa. Mkemia peke yake hakupiga. Alikuwa anatazama ndoo iliyo wazi pembeni ya kabati, kisha akamtazama wifi, kisha kwa adabu akatazama sakafu.

Wifi angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza. Ningepokea cheti, nikakiwekea na fremu.

"Si maji yangu," wifi akasema.

Mkurugenzi akabaki na kijiko hewani.

"Maji yangu nilimtia Jumanne, yakamchoma. Nusu saa tu, alikuwa anakata roho, na mimi nimekaa nimemtazama kwa sababu ya kiburi. Mkemia aliniambia nikamcheka." Akavuta pumzi. "Maji aliyomo ni ya mume wangu. Huwa anayalaza. Nimeolewa naye miaka thelathini na moja, na kwa miaka ishirini na sita hajanywa maji yangu yakiwa yanatoka bombani. Nyumba nzima hii haijanywa. Mimi tu."

Mtu mmoja akakohoa, akajuta. Mimi nilikuwa na sinia mkononi na sikuweza kuliweka chini wala kuondoka nalo. Nilimwonea wifi uchungu, na nilimkasirikia kaka, ambaye alikuwa amekaa kwenye stuli yake kama kawaida, kama kwamba habari hizi ni za jirani.

Halafu kaka akasimama. Akapita katikati ya wageni, akaingia jikoni. Tukasikia bomba linafunguliwa na kufungwa. Akarudi na glasi imejaa, maji bado yana ule weupe wa kutoka kwenye presha, akasimama mbele ya mkewe akanywa. Alikunywa yote bila kutua. Katikati uso ulimkunjamana, machozi yakamlenga, na hakuficha.

Wifi alikuwa anamtazama koo.

"Vipi?" akamuuliza.

"Yananuka dawa, Mama Pacha," kaka akasema. "Yamenuka tangu siku ya kwanza. Nilishindwa kukuambia, ulikuwa umefurahi sana."

Nilifikiri wifi analia, na alikuwa analia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya kazini.

"Ndiyo kazi yake kunuka," alisema. "Yakiacha kunuka, ujue nakuzika."

Kaka akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akamnyooshea glasi.

"Basi niongeze," akasema.